Pale Maji Yanapogeuka Baridi

Tusekile mwanangu,

Umeenda hapo mjini Soweto kuwaaga wenzako wa kibanda cha simu, na baba yako bado yuko Igowole na viazi vyake, kwa hiyo nyumba yote hii ya Ilomba ni yangu mpaka utakaporudi. Nimeona niandike, maana kuongea na wewe uso kwa uso wiki hizi kumenishinda. Habari za chandarua, za dawa, za kutovua sweta kabla jua halijapanda, hizo nimeshakuimbia mpaka umezichoka. Hapa hutazikuta.

Nataka kukujibu. Jana ulisimama uani umebeba beseni la nguo, ukaniambia, "Mama, ukisema nisiende, siendi. Ila useme." Nami nikasema, "Ngoja kwanza nianue nguo." Nguo zenyewe ulikuwa umeshazianua wewe, ndizo zilizokuwa kwenye beseni. Uliniangalia, ukaingia ndani, na mimi nikabaki nashika kamba tupu kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Najua unachodhani. Unadhani nimechukia kwa sababu unaacha kutengeneza simu za watu ukiwa umeshapata wateja, unakwenda kuvua kwenye boti ya mjomba wako. Au unadhani naogopa maji. Wamama wenzangu wa kwaya wananiambia niogope maji, mtoto wa kike atalalaje ziwani na wanaume? Siogopi maji, Tusekile. Nimezaliwa Ikombe, nimeogeshwa katika ziwa lile kabla sijajua kukaa. Ninachokuficha ni kitu kibaya zaidi ya woga. Nina wivu. Nakuonea wivu wewe, mtoto wa tumbo langu, na mjomba wako Ambakisye namwonea wivu mara mbili yake.

Umeifahamu Ikombe kama mgeni wa Krismasi, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa kwangu. Pale mlima unaingia ziwani moja kwa moja. Ukitoka mlangoni ukateleza vizuri, unaangukia majini. Shamba la maana hakuna, ndiyo maana wanawake tunafinyanga na wanaume wanavua. Vyungu vyetu tulivipanga kwenye mtumbwi tukavipeleka wenyewe mnadani Matema, tukipiga kafi na kuimba, na hakuna aliyesema mwanamke hawezi kupanda chombo. Lakini huo ni mtumbwi wa vyungu, mchana, kando kando ya nchi. Mtumbwi wa nyavu, unaokwenda kule ambako mlima hauonekani tena, huo haukuwa wetu.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa na namna yake ya kuvua ambayo sijaisikia kwa mwingine. Alijua kwamba chini ya ziwa kuna mahali maji yanageuka ghafla. Juu ni vuguvugu, halafu unafika mahali, ni baridi tu, na hewa ni kidogo, na samaki hawapendi kwenda chini ya hapo. Wanajazana juu yake, usipa kwanza, vile visamaki vidogo, na wale wakubwa wanaokula usipa wakiwa karibu nao. Wavu ukiupitisha chini ya mpaka huo unarudi mtupu. Ukiuweka juu sana, samaki wanapita chini yake.

Sasa, mpaka huo alikuwa anautafuta kwa chungu. Kilikuwa chungu kidogo, kikubwa kama papai, shingo nyembamba, amekifungia jiwe ili kizame na mdomo ameuziba kwa gunzi la mahindi lenye uzi wake peke yake. Anakishusha kwa kamba yenye mafundo, anahesabu pima, akifika anapotaka anauvuta ule uzi, gunzi linachomoka, maji ya hapo yanaingia. Anakivuta juu haraka na kuyamimina kwenye kiganja. Yakiwa vuguvugu anakiteremsha tena, chini zaidi.

Vyungu hivyo nilikuwa navifinyanga mimi. Vya bibi yako vilikuwa vyembamba, vizuri vya kupikia, vikifika huko chini vinapasuka. Mimi ndiye niliyejua kuvifanya vinene kitako na mabegani bila kuwa vizito mno. Hata vyangu vilipasuka, lakini si kama vya wengine, na babu yako hakuchukua chungu cha mtu mwingine tena. Jioni alikuja nyuma ya nyumba, anavigongagonga kwa kucha, anachagua, anaondoka navyo viwili. Mimi nasimama pale na udongo mpaka viwikoni namwona anashuka navyo, anaviweka chini ya kiti chake, wanasukuma, wanakwenda. Nilikuwa nakionea wivu chungu. Usicheke. Kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilikuwa kinakwenda kuona mahali nisipoweza kwenda, kinarudi na maji ya huko, kinanyamaza.

Nilipofika umri kama wako niliomba. Nilichagua siku babu yako amefurahi, mjomba wako yuko pembeni anashona wavu, nikasema, "Baba, nichukue hata mara moja nikashushe chungu mwenyewe." Babu yako akamgeukia Ambakisye, mdogo wangu yule niliyembeba mgongoni, kama anamuuliza kwa macho. Na Ambakisye akasema, bila hata kuinua uso kutoka kwenye wavu, "Dada akipanda, watu watasema hapa kwetu wanaume wamekwisha." Babu yako akakohoa, akaondoka, ikaishia hapo. Mwaka uliofuata akaja baba yako, Mhehe wa watu, akanichumbia na kuniambia kwao Igowole kuna kila kitu. Nilipofika nikakuta kweli, kuna chai, kuna viazi, kuna ukungu. Ziwa hakuna.

Kwa hiyo jiweke mahali pangu Krismasi iliyopita, mjomba wako anakuja na ile mashine yake ya kuonyesha samaki, anayoiita tivii, anaiweka juu ya mkeka na kusema mbele ya watu wote, "Hii kitu imetushinda. Boti nzima hakuna anayeielewa. Mjomba wangu Tusekile ndiye fundi, kesho anaingia ziwani na sisi." Hivyo tu, kirahisi, kama anayekutuma chumvi dukani. Wazee wakapiga makofi. Yule pasta mgeni akasema mjomba wako ni mtu wa kisasa. Mimi nilikuwa nagawa ubwabwa, nikaendelea kugawa, mpaka nikamwagia mtu mchuzi.

Mkarudi siku ya pili mchana, mjomba wako anapiga kelele kabla hata boti haijagusa mchanga. "Dada! Nimepata kilima! Kilima chini ya maji!" Ukanionyesha kwenye simu yako ulivyoirekodi ile skrini. Kulikuwa na mstari umelala kutoka upande mmoja mpaka mwingine, mwembamba, hafifu, kama moshi wa jikoni uliotulia. Mjomba wako aliuchukulia kuwa ndiyo sakafu ya ziwa. Alitupa nanga juu ya hicho kilima chake, kamba ikatiririka mpaka ikaisha, nanga haijagusa kitu, na bado mtu mzima anasherehekea. Akasema labda mkondo umeipeperusha.

Mimi niliutambua ule mstari palepale. Sikuwahi kuiona mashine ile kabla ya siku hiyo, lakini mstari uliokaa katikati ya maji, usioshikika, na samaki wamekaa juu yake, ungekuwa nini kingine? Mjomba wako naye baridi ile anaijua tangu utoto, ila haikumwingia kichwani kwamba mashine inaweza kuiona baridi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikalimeza, nikasema, "Hongereni."

Haikuishia hapo, nawe unajua. Waliteremsha nyavu kufuata hicho kilima, chini kabisa, zikarudi tupu. Usiku wa pili, tupu. Vijana wa boti wakaanza kusema mtoto wa mjini anawadanganya na tivii yake. Ukaja kukaa na mimi kwenye vyungu vya mama zako wadogo, macho mekundu, ukaniuliza, "Mama, hicho kilima mbona kinatufuata? Kila tunakokwenda kipo, kimo kilekile. Kuna kilima cha hivyo?" Na mimi, mama yako, nikakujibu, "Mimi nitajuaje? Mimi ni mtu wa vyungu."

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kidogo kwenda kuangalia moto, na moto hauna shida yoyote. Uliinuka, ukajipangusa suruali, ukarudi kwenye boti bila kuniuliza tena. Na ukaupata peke yako. Ulinieleza baadaye jinsi ulivyofanya na nimeyashika yote, kwa sababu ulipokuwa unawaonyesha wengine video nilikuwa nachungulia begani kwako kama mwizi. Ulizima zile picha za visamaki, ukasema mashine inazichora kwa kukisia tu na zinamfurahisha mjomba bure. Ukatoa otomatiki. Ukapandisha usikivu wake mpaka skrini nzima ikachafuka madoa, halafu ukarudisha kidogo kidogo, ule mstari ukabaki, na chini yake, mbali kabisa, ukaona mstari mwingine mnene, mzito, ndiyo sakafu yenyewe. Wavu wa mwisho ulipokuwa unavutwa ukaushika, nusu ya juu vuguvugu, nusu ya chini baridi ya kuumiza vidole. Ukacheka peke yako mpaka vijana wakadhani umechanganyikiwa. Kesho yake waliteremsha nyavu zikaning'inia juu ya mstari, na kwa ule mzigo uliokuja hakuna aliyekuita tena mtoto wa mjini. "Ndaga fijo, mjomba," Ambakisye akawa anasema, asante sana, asante sana, anakushika kichwa. Kichwa chako. Nilikiosha mimi kichwa hicho.

Ndipo nikaanza kujitia mwalimu. Baada ya wewe kushinda, nikakuita pembeni nikakwambia najua mambo hayo siku nyingi, nikakusimulia chungu na gunzi, na nikakwambia kwa sauti ya mtu mwenye mali, "Ni pima ishirini. Hata usihangaike na tivii. Ni pima ishirini siku zote." Ulinikumbatia. Ulifurahi kwamba mama yako anajua. Na mimi nikafurahi kwamba angalau kuna kitu unachukua kwangu na si kwa Ambakisye.

Mwezi wa sita ukarudi kwao kwa majaribio ya pili, ukanipigia simu kutoka Matema ambako mtandao upo. "Mama, mstari umeshuka. Umeshuka sana, tena umekuwa mpana, hauonekani vizuri." Nikakwambia mashine imeharibika. Ukasema, "Nimeshaikagua, mama, haina kitu." Nikakwambia, babu yako alivua ziwa hilo kabla mama yako hajazaliwa, shika pima ishirini. Ukanitii. Uliacha kile ulichokiona kwa macho yako ukashika neno langu, mkavua usiku mzima hamkupata hata kitoweo. Asubuhi mjomba wako alichukua simu yako anacheka. "Dada, kumbe hujui? Huu msimu wa mwera. Upepo ukivuma siku kadhaa unasukuma yale maji ya vuguvugu yanarundikana huku kwetu, baridi inashuka chini. Ukitulia inapanda. Si baba alitwambia?"

Alituambia. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Alituambia akina nani? Aliwaambia wao, kule ziwani, upepo ukiwapiga usoni. Mimi nyuma ya nyumba aliniambia pima ishirini, kwa sababu msichana anayefinyanga chungu anatosha kujua pima ishirini. Wala hakuwa na nia mbaya, babu yako. Alinipa kipande, nami nikakitunza miaka yote nikidhani ni kitu kizima, na nikakukabidhi wewe kwa majivuno. Nililia, Tusekile. Nilimwambia baba yako ni vitunguu, naye akaangalia sufuria akaona napika mlenda.

Ulipotoka huko hukunilaumu. Ulileta usipa na samaki wakubwa wawili, mbasa, ukanionyesha video mpya, ukaniambia, "Ona mama, hapa ndipo upepo ulipoacha, ona unavyopanda tena." Nami nikasema nimechoka, nikaenda kulala jua bado halijazama. Tangu siku hiyo nimekuwa hivi unavyoniona. Nikikuona umeshika begi natafuta kosa. Nimekwambia suruali zako zinabana, nimekwambia Matema kuna mbu kuliko kwingine, nimekwambia mjomba wako ni mchoyo, na kati ya hayo ni la mbu tu lenye ukweli.

Sasa nikwambie ninachokijua, na safari hii nitakwambia na mahali ninapoishia kujua. Mstari ulioukuta leo, kesho uutafute upya. Akija mtu mwenye mvi akakutajia kina cha mstari, msikilize kwa heshima, halafu angalia skrini yako. Nikikupigia mimi nikakutajia kina, nifanyie vilevile. Na ukilijua jambo, ukikutana na mtu anayelihitaji, mwambie lote, hata kama humpendi siku hiyo. Mimi nilikunyima siku mbili kule Ikombe na ninazikumbuka kuliko nguo yangu ya harusi.

Jingine. Wivu hauondoki kwa kuukemea, nimejaribu, nimeuombea hata ibada ya asubuhi. Unapungua ukiwa na kazi na unarudi ukikaa. Utakupata na wewe. Atakuja kijana mwenye mashine bora kuliko yako, mjomba wako atamshika kichwa, nawe wivu utakupanda. Ukikupanda, usijifanye umechoka ukaenda kulala. Mwambie mtu. Nikiwa hai, niambie mimi, nitakuelewa kuliko mtu yeyote unayemjua.

Basi jibu lako. Nimelizungukia sana, nisamehe. Ni kweli ningesema usiende ungebaki, nakujua, ungeyafungua mabegi bila neno, na keshokutwa ungekuwa kibandani Soweto unabadilisha vioo vya simu, na mimi ningekuwa na wewe hapa, kila jioni, na ziwa lisingekuwa la yeyote kati yetu. Nililitaka hilo jana. Nilikuwa nalo mdomoni pale kwenye kamba ya nguo. Lingenitosha kwa muda gani sijui.

Nenda. Usisubiri wivu wangu uishe, utakosa basi la Kyela, na la keshokutwa pia. Nenda nikiwa hivi hivi. Nitakusindikiza stendi na nitakuwa na uso mbaya, usiuangalie sana.

Kisha ukifika, nina ujumbe kwa mjomba wako, na nataka umpe kwa mdomo wako, mbele ya vijana wake wote, boti ikiwa bado nchi kavu. Mwambie dada yake anakuja mwezi wa nane, mwera ukiwa unavuma. Anakuja na sweta, na anataka kupanda. Siombi safari hii, natoa taarifa. Nataka kukaa pembeni yako unapoutafuta ule mstari, nikuone unavyofanya, na maji ya huko niyashike kwa kiganja changu.

Na akisema hapana, hapa nilikuwa nimeandika kwamba na wewe ushuke kwenye boti. Nimeyakata maneno hayo kwa kalamu, utaona pamekolezwa wino, lakini yanasomeka na sitaki uyasome ukadhani nilikusudia. Nilikusudia kwa dakika moja. Akisema hapana, mwanangu, wewe usishuke. Kaa palepale ulipo, washa mashine yako, wasukume. Huyo mdogo wangu mniachie mimi.

Mama